Yampasayo Mgonjwa Kabla ya Kumeza Antibiotiki

Ndugu msomaji, afya ni neema ambayo wengi huijua thamani yake baada ya kuondoka. Mtu akiugua hutafuta dawa, na katika zama zetu miongoni mwa dawa zinazokimbiliwa sana ni zile ziitwazo antibiotiki, yaani dawa zinazoua bakteria mwilini au kuwazuia wasizaliane. Penisilini, amoksilini, tetrasaiklini, Septrin na Flagyl ni majina yanayojulikana mpaka vijijini. Walakini kulijua jina la dawa si kuijua dawa. Kidonge kile kile kilichomponya jirani yako chaweza kukudhuru wewe, na kile kilichokuponya wewe mwaka jana chaweza kuhatarisha maisha ya mtoto wako.

Huenda mtu akauliza: Kwa nini mambo ya hospitali yaandikwe katika gazeti la dini? Jibu lake ni jepesi. Mwili ni amana, na mwenye amana ataulizwa namna alivyoitunza. Mtume Muhammad (s.a.w.) aliwafundisha wafuasi wake kutafuta tiba, wala hakuwaambia kwamba dua inaondoa haja ya dawa. Hali kadhalika, kumeza dawa ovyo bila ya hadhari si kumtegemea Mungu, bali ni uzembe uliovikwa nguo ya imani.

Basi somo letu la leo lina neno moja kubwa, nalo ni hili: Usalama wa dawa huanza katika ukweli wa mgonjwa. Daktari amesoma maradhi na dawa, lakini hakuishi ndani ya mwili wako. Yeye ni kama hakimu, na wewe ni shahidi. Hakimu awe mwadilifu namna gani, shahidi akificha jambo, hukumu itaharibika. Na hukumu hii hutekelezwa juu ya mwili wa shahidi mwenyewe. Somo hili halichukui nafasi ya daktari wala ya mfamasia. Kusudi lake ni kukutayarisha ujue la kumwambia na la kumwuliza kabla ya kumeza.

DAWA HIZI NI KITU GANI?

Katika mwaka 1928, mtaalamu Alexander Fleming wa hospitali ya St Mary's mjini London aliona kwamba ukungu ulioota katika chombo chake ulikuwa umewaua bakteria waliouzunguka. Kitu kilichotoka katika ukungu ule alikiita penisilini. Miaka kumi na zaidi ilipita kabla ya Howard Florey, Ernst Chain na wenzao wa Oxford kuweza kuisafisha dawa hiyo na kuifanyia majaribio. Mwanzoni mwa mwaka 1941 walimpa askari polisi mmoja aliyekuwa mahututi kwa vidonda vilivyooza. Alianza kupata nafuu kwa namna iliyowashangaza wote. Lakini dawa iliyokuwapo ilikuwa kidogo mno. Ikaisha kabla ya ugonjwa kuisha, maradhi yakarudi, na mtu yule akafariki.

Fleming, Florey na Chain walipewa tuzo ya Nobel katika mwaka 1945. Katika hotuba yake ya kuipokea, Fleming hakujisifu tu. Alionya kwamba siku itakuja ambapo dawa hiyo itanunuliwa dukani na mtu yeyote, naye mjinga ataimeza kwa kipimo kidogo, na kwa kufanya hivyo atawafundisha bakteria kuizoea. Leo onyo lile limetimia. Wataalamu waliochunguza habari za mwaka 2019 walikadiria kwamba katika mwaka huo mmoja watu wapatao 1,270,000 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria waliokuwa sugu, ambao dawa hazikuwaweza tena. Hivyo anayemeza antibiotiki bila ya haja hajidhuru peke yake; anamdhuru na jirani yake.

Sasa na tuyaangalie mambo yenyewe, moja baada ya moja.

JAMBO LA KWANZA: JE, UGONJWA WENYEWE UNAIHITAJI?

Antibiotiki hupigana na bakteria. Haziui virusi. Mafua ya kawaida huletwa na virusi, na hali ni hiyo hiyo kwa vikohozi vingi vya msimu na kuhara kwingi kwa watoto. Mtu akimeza amoksilini kwa ajili ya mafua, atapona baada ya siku kadhaa kama ambavyo angepona bila ya amoksilini, kisha ataisifu dawa kwa kazi ambayo haikuifanya. Pia homa si ushahidi wa kutosha. Homa yaweza kuwa malaria, na malaria hujulikana kwa kupima damu.

Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa daktari liwe: “Je, ugonjwa huu umeletwa na bakteria? Na kuna kipimo cha kuhakikisha?” Swali hili si utovu wa adabu. Daktari mwema hulifurahia. Na akikuambia kwamba huhitaji antibiotiki, usinung'unike kwamba umerudishwa mikono mitupu. Ushauri wa kutokunywa dawa nao ni tiba.

Ni katika mlango huu pia tunapokataza dawa za mabaki na dawa za kuazima. Vidonge vilivyobaki kabatini haviwezi kutimiza tiba nzima, tena viliandikwa kwa ugonjwa mwingine. Na dawa ya jirani iliandikwa kwa kutazama mwili wa jirani. Kumpa mwenzako chumvi ni ujirani mwema. Kumpa antibiotiki yako ni kumtia hatarini ingawa nia yako ni njema.

JAMBO LA PILI: JE, MWILI WAKO UMEWAHI KUIKATAA DAWA?

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Wako watu ambao miili yao huichukulia dawa fulani kama adui. Hali hii huitwa mzio. Dalili zake ni mabaka yenye kuwasha yanayoinuka juu ya ngozi, kuvimba midomo, ulimi au uso, kifua kubana na kukoroma, kizunguzungu na kuzimia. Mzio mkali waweza kumwua mtu katika muda wa dakika chache. Aliyewahi kupatwa na hali hiyo kwa penisilini lazima aseme kabla ya cheti kuandikwa, na aseme tena kwa muuguzi mwenye sindano, na tena kwa mfamasia.

Hapa wengi hunaswa na majina. Mtu husema, “Mimi sitakiwi kupigwa penisilini,” kisha hupokea amoksilini kwa moyo mtulivu, asijue kwamba ni ndugu wa penisilini. Ampisilini, amoksilini, kloksasilini na flukloksasilini zote ni za ukoo huo mmoja. Dawa ziitwazo Augmentin na Ampiclox nazo zimo, ingawa majina yao hayafanani na penisilini. Aidha kuna ukoo wa sefalosporini, kama sefaleksini na seftriaksoni, ambao ni jamaa wa mbali. Daktari aweza kuzitumia au kuziacha, lakini hataweza kuamua kama hukumwambia.

Mfano mwingine ni wa Septrin. Ndani yake imo dawa ya jamii ya salfa. Fansidar na dawa nyingine za namna yake, ambazo zilitumiwa sana Afrika Mashariki kutibu malaria na ambazo mpaka leo wajawazito hupewa ili kuwakinga na malaria, nazo zina salfa. Basi aliyewahi kuchubuka ngozi au kutoka malengelenge mdomoni na machoni baada ya kumeza dawa ya malaria ya salfa, asiipokee Septrin kimya kimya. Aseme.

Lakini ushahidi wa kweli hauongezi kama usivyopunguza. Nchini Marekani, katika kila watu 100, wapatao 10 husema kwamba wana mzio wa penisilini. Walakini wakipimwa, wenye mzio wa kweli hawafiki hata mmoja. Wengine waliharisha kidogo, wengine walikuwa na upele wa ugonjwa wenyewe, na wengine walisikia tu kutoka kwa wazazi wao. Mtu wa namna hii hunyimwa dawa iliyo bora kwake, akapewa nyingine iliyo ghali zaidi au yenye madhara zaidi. Kwa hiyo usiseme tu, “Sipatani na penisilini.” Eleza kilichotokea: “Daktari, nilipokuwa na miaka ishirini nilipigwa sindano ya penisilini, baada ya dakika kumi midomo ikavimba na pumzi ikanibana.” Au: “Nilimeza amoksilini nikaharisha siku mbili, basi.” Maneno hayo mawili yana hukumu mbili mbalimbali, na daktari ndiye atakayezipambanua.

Ukipigwa sindano, usikimbilie basi mara moja. Keti hapo zahanati nusu saa hivi, ili jambo likitokea litokee mbele ya watu wenye dawa ya kuokoa.

JAMBO LA TATU: MIMBA, KUNYONYESHA, NA WATOTO

Dada zetu wengi huona haya kuitaja mimba changa, hasa mbele ya watu foleni. Haya ni pambo la muumini, lakini si mahali pake hapa. Mwombe muuguzi akusikilize faraghani, kisha sema. Dawa za ukoo wa penisilini kwa kawaida hutumiwa na wajawazito bila ya wasiwasi mkubwa. Lakini tetrasaiklini na doksisaiklini huingia katika meno na mifupa ya mtoto inayojengeka, na meno yakaota yakiwa na madoa ya manjano au kahawia ambayo hayatoki maisha. Kwa sababu hiyo hiyo tetrasaiklini hawapewi watoto walio chini ya miaka 8, isipokuwa daktari ameona dharura. Mama anayenyonyesha naye aseme, kwani dawa nyingi hupita katika maziwa, baadhi bila ya dhara na baadhi kwa dhara.

Ama mtoto, kipimo cha dawa yake hufuata uzito wake. Usikisie. Mwombe muuguzi ampime kabla ya cheti kuandikwa, wala usimkatie mtoto kidonge cha mtu mzima kwa kudhani nusu yake inatosha. Dawa ya unga ya watoto huchanganywa na maji safi yaliyochemshwa na kupoa, mpaka kwenye alama ya chupa. Itikise kila unapoitoa, pima kwa kijiko au kikombe kilichokuja nayo, maana vijiko vya jikoni havilingani. Uliza pia itakaa siku ngapi baada ya kuchanganywa. Siku hizo zikipita, imwage.

JAMBO LA NNE: MARADHI MENGINE ULIYO NAYO

Figo na ini ndivyo viungo vinavyoitoa dawa mwilini. Vikiwa dhaifu, dawa hukaa na kulundikana, na kipimo cha kawaida hugeuka kuwa kipimo cha kuzidi. Sindano ya jentamaisini, kwa mfano, huweza kudhuru figo na masikio, na hatari huongezeka kwa mwenye figo mbovu. Siprofloksasini yaweza kumchochea mwenye kifafa, yaweza kuvuruga sukari ya mwenye kisukari, na yaweza kudhuru kano, hasa ule mshipa mnene ulio nyuma ya kisigino, zaidi kwa watu waliopita miaka 60 na wanaotumia dawa za jamii ya steroidi.

Wako pia watu waliozaliwa na upungufu uitwao G6PD, ambao si jambo geni katika nchi zetu zenye malaria. Wengi wao hawajijui. Baadhi ya dawa, miongoni mwao Septrin, zaweza kuvunja damu yao. Ikiwa wewe au ndugu yako wa damu amewahi kukojoa mkojo mweusi kama kahawa, au macho yakageuka manjano baada ya kumeza dawa yoyote, litaje jambo hilo hata kama ni la zamani.

JAMBO LA TANO: DAWA NYINGINE, CHAKULA, NA VINYWAJI

Mweleze daktari kila kitu unachokimeza, yaani cha hospitali, cha dukani, na cha mtishamba. Wengine huficha dawa za asili wakiogopa kukemewa. Wengine huficha dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI wakiogopa macho ya watu. Ndugu msomaji, siri hiyo ni yako na daktari amefungwa kuitunza. Lakini ukiificha kwake, itajidhihirisha yenyewe katika mwili wako. Mathalani, rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu za baadhi ya dawa za UKIMWI, na hupunguza pia nguvu za vidonge vya kupanga uzazi. Na mjamzito anayekunywa Septrin kila siku kwa sababu ya virusi hivyo hatakiwi kuongezewa dawa ya salfa ya kumkinga na malaria. Anayetumia warfarini ili damu isigande, akiongezewa Flagyl au Septrin, aweza kutokwa na damu nyingi isiyotarajiwa.

Kuhusu chakula, doksisaiklini, tetrasaiklini na siprofloksasini hushikana na madini tumboni zisiingie mwilini. Kwa hiyo zisimezwe pamoja na vidonge vya kuongeza damu wala dawa za kiungulia. Tetrasaiklini na siprofloksasini zisimezwe na maziwa pia. Mfamasia atakuambia uache muda gani kati ya moja na nyingine. Doksisaiklini imezwe kwa glasi nzima ya maji, na mtu abaki ameketi au amesimama walau nusu saa. Akilala mara moja, kidonge huweza kukwama na kuunguza koo la chakula. Dawa hiyo pia huifanya ngozi iungue upesi juani, na mkulima au mvuvi anapaswa kulijua hilo mapema.

Anayemeza Flagyl huonywa asinywe pombe siku zote za dawa na siku chache baadaye, kwani aweza kutapika, kuumwa kichwa na moyo kumwenda mbio. Muislamu atasema, “Hilo halinihusu.” Lakini baadhi ya dawa za kikohozi huwa na alkoholi ndani yake. Basi uliza.

JAMBO LA SITA: DAWA YENYEWE NI SAHIHI?

Cheti chema hakifai kitu ikiwa dawa ni mbovu. Nunua katika famasia au duka la dawa lenye kibali, si kwa mchuuzi wa kituo cha mabasi anayeuza vidonge vya rangi mbili pamoja na betri na viberiti. Tazama jina la dawa na nguvu yake, ulinganishe na cheti. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi, ambayo mara nyingi huandikwa baada ya herufi EXP. Jambo hili si mchezo: katika mwaka 1963 madaktari wa Marekani waliandika habari za wagonjwa waliodhurika figo baada ya kumeza tetrasaiklini iliyoharibika. Vidonge vilivyobadilika rangi, vilivyomeguka au vyenye unyevu, usivimeze. Ukiishuku dawa kuwa ya bandia, mrudie aliyekuuzia na upeleke habari kwa wahusika. Tanzania ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu.

Tena usikubali kuondoka na bahasha isiyo na maandishi. Jina la dawa liandikwe, na jina lako pia. Bahasha ikiandikwa 2 x 3, maana yake ni vidonge viwili, mara tatu kwa siku. Ikiwa husomi vizuri, mwombe akusomee mara mbili, kisha umrudishie kwa maneno yako mwenyewe ili ahakikishe umeelewa.

JAMBO LA SABA: SAA ZA KUMEZA, NA MFUNGO

Mara tatu kwa siku maana yake ni kila baada ya saa 8: kwa mfano saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, na saa 4 usiku. Si asubuhi, saa nne na adhuhuri, kisha usiku mzima bila ya dawa. Uliza kama inamezwa kabla ya chakula au baada yake, na kwa siku ngapi. Siku alizokuandikia daktari uzitimize, wala usikatishe kwa shauri lako mwenyewe eti kwa kuwa homa imeshuka siku ya pili. Kumbuka habari za yule askari wa Oxford. Yeye alikatishiwa dawa kwa kuwa haikuwapo. Je, wewe uliyenayo mkononi una udhuru gani?

Swali huulizwa sana kila unapoingia mwezi wa Ramadhani, hasa na ndugu walioingia Uislamu karibuni: Je, nifunge huku ninameza dawa? Jibu ni kwamba dini imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, kisha atalipa siku nyingine akipona. Kinachokatazwa ni kuchukua dawa ya mara tatu au nne na kuirundika yote magharibi na alfajiri. Hapo mtu ameharibu tiba, na dini haikumtaka afanye hivyo. Mwambie daktari kwamba unakusudia kufunga. Huenda ipo dawa ya mara moja kwa siku. Na ikiwa haipo, ipokee ruhusa ya Mungu kwa shukrani, kwani kuikubali ruhusa yake nako ni utii.

DALILI ZINAZOTAKA HARAKA

Kabla ya kumeza, wajulishe walio nyumbani dalili za hatari, maana huenda wewe mwenyewe ukashindwa kusema. Uso au koo likivimba, pumzi ikibana au mtu akizimia, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo bila ya kungoja kuche. Malengelenge yakitoka mdomoni, machoni au ngozi ikaanza kuchubuka, hata baada ya wiki moja au mbili, dawa isimamishwe na mgonjwa akimbizwe hospitali. Kuhara kukali, au kuhara damu, hata wiki kadhaa baada ya kumaliza dawa, kusipuuzwe wala kusitibiwe kwa dawa ya kuzuia kuhara kabla ya kumwona daktari. Na ukienda, chukua boksi au bahasha ya dawa mkononi.

MUHTASARI WA SOMO

Ndugu msomaji, kata kipande hiki au kiandike katika daftari, ukichukue siku ya kwenda zahanati:

1. Je, ugonjwa wangu umeletwa na bakteria?
2. Dawa iliyowahi kunidhuru ni hii, na ilinifanyia hivi.
3. Nina mimba, au ninanyonyesha. Au mtoto wangu ana uzito huu.
4. Nina maradhi haya mengine.
5. Ninatumia dawa hizi nyingine, pamoja na za mitishamba.
6. Dawa hii inaitwaje, na ni ya ukoo gani?
7. Nimeze saa ngapi, kwa siku ngapi, pamoja na chakula gani, na nisichanganye na nini?
8. Nikiona dalili gani nirudi haraka?

Na aliyewahi kupata mzio wa kweli, aliandike jina la dawa hiyo katika karatasi na kuiweka pamoja na kitambulisho chake, ili siku atakayoletwa hospitali bila ya fahamu, karatasi imshuhudie.

Maswali manane haya hayachukui hata dakika tano. Watu husafiri mwendo mrefu, huuza kuku na mahindi wapate nauli na pesa za dawa, kisha hufika mbele ya daktari wakanyamaza kwa haya au kwa hofu. Usiwe miongoni mwao. Sema kweli, uliza kwa adabu, timiza uliyoagizwa, kisha mwombe Yule ambaye dawa zote hufanya kazi kwa idhini yake. Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote, na atujalie sisi sote ulimi usemao kweli hata katika mambo ya miili yetu. Amin.